"Kwa Wote" na "Usawa": Uhakiki wa Istilahi za Malengo ya Elimu

Utangulizi

Mwezi Septemba mwaka 2000 mataifa wanachama wa Umoja wa Mataifa yalipitisha Azimio la Milenia, na kutokana na azimio hilo yakapatikana malengo manane ambayo kwa Kiswahili yaliitwa Malengo ya Maendeleo ya Milenia. Lengo la pili lilihusu elimu ya msingi kwa wote. Lengo la tatu lilihusu usawa wa kijinsia na kuwawezesha wanawake. Muda wa malengo hayo ulikwisha mwaka 2015, na mwezi Septemba wa mwaka huo huo yakapitishwa malengo mengine 17, yaitwayo Malengo ya Maendeleo Endelevu, ambayo muda wake ni hadi mwaka 2030. Katika orodha hii mpya elimu imo katika lengo la nne, na usawa wa kijinsia katika lengo la tano.

Makala hii haikusudii kupima iwapo malengo hayo yametimizwa. Kazi hiyo ina wenyewe, nao ni wataalamu wa elimu na wa takwimu. Sisi tunaoshughulikia istilahi tuna swali letu: mwananchi ayasomaye malengo haya kwa Kiswahili huambiwa nini hasa? Je, huambiwa jambo lile lile lililokubaliwa, au huambiwa jambo jingine lililo jepesi zaidi? Maoni yetu ni kwamba katika maneno machache, lakini yaliyo ya msingi, Kiswahili cha taarifa zetu kimekuwa kikimwambia jambo lililo jepesi zaidi. Na kwamba uzito uliopunguzwa katika maneno umemwangukia mtoto, hasa mtoto wa kike.

Ili uchunguzi wetu usielee hewani, tumechagua mahali pamoja pa kuyapimia maneno haya, napo ni Kiwira, katika wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Kiwira iko kando ya barabara kuu itokayo Uyole kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Ni mahali pa mvua nyingi na ardhi yenye rutuba, palipo na soko linalojulikana kwa ndizi, pamoja na viazi na maparachichi. Mtoto wa huko, katika nyumba nyingi, huanza kusema kwa Kinyakyusa. Akiingia shule ya serikali husomeshwa kwa Kiswahili. Naye mzazi wake apatapo tangazo kutoka ofisi ya kata hulipata kwa Kiswahili. Ndiyo kusema kwamba kwa mzazi wa Kiwira tafsiri ya Kiswahili si kivuli cha waraka mwingine anaoweza kuutazama akitaka. Tafsiri hiyo ndiyo waraka wenyewe.

1. "Wote" ni akina nani, na wafanye nini?

Maneno "elimu ya msingi kwa wote" hayakuanza mwaka 2000. Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka Azimio la Musoma la mwezi Novemba 1974, ambamo Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba shabaha ya kuwapatia watoto wote nafasi katika shule za msingi, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Matokeo yake yalikuwa makubwa. Kufikia mwaka 1980 shule za msingi za Tanzania Bara zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 3,000,000. Walimu wengi walipatikana kwa njia ya haraka, wakiwamo vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi huku wakifundisha. Wananchi, kwa hodari yao ya kucheza na maneno, wakazigeuza herufi UPE, zilizokuwa jina la Kiingereza la mpango huo, zikawa "Ualimu Pasipo Elimu". Mzaha huo ulikuwa na uhakiki ndani yake. Ulisema kwamba neno "wote" limejibu swali la wangapi, lakini swali la wanapata nini limeachwa.

Tazama sasa lengo la pili la Milenia. Shabaha iliyo chini yake ilisema kwamba kufikia mwaka 2015 watoto wa kila mahali, wavulana kwa wasichana, waweze kumaliza masomo yote ya elimu ya msingi. Kitenzi cha shabaha hiyo ni kumaliza. Lakini katika hotuba na taarifa nyingi za Kiswahili kitenzi kilichoshika nafasi ya mbele ni kuandikishwa. "Tumefikia elimu ya msingi kwa wote" imekuwa ikisemwa kwa maana ya kwamba majina ya watoto karibu wote yameingia katika daftari la darasa la kwanza. Baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza mwaka 2002 na ada kufutwa, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban 4,400,000 mwaka 2000 hadi zaidi ya 8,000,000 mwaka 2007. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo idadi hiyo ni ya walioandikishwa, wala haiwezi kusimama mahali pa idadi ya waliomaliza.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Kuandikishwa, kuhudhuria, kumaliza, kuhitimu na kufaulu ni vitenzi vitano vyenye maana tano. Mtoto wa Kiwira aweza kuandikishwa mwezi Januari na asihudhurie mwezi Machi. Aweza kuhudhuria miaka yote hadi darasa la mwisho, yaani amemaliza, na asifaulu mtihani. Mfasiri anayeweka "kupata elimu" badala ya vitenzi hivi vyote amefuta mpaka uliokuwa ukitenganisha mambo matano, na msomaji hana njia ya kuurudisha.

Ugumu huzidi tunapofika kwenye takwimu. Vipimo viwili vya uandikishaji hutumika. Kimoja huhesabu wanafunzi wote wa shule ya msingi, wa umri wowote, kikawalinganisha na watoto wa umri wa shule waliopo. Cha pili huhesabu wale tu walio na umri wa shule. Kipimo cha kwanza chaweza kuvuka asilimia 100, kwa sababu darasani wamo waliochelewa kuanza na waliorudia. Katika taarifa zetu cha pili huitwa "uandikishaji halisi". Neno halisi linamfanya msomaji adhani kwamba kile kingine ni cha uongo, ilhali vyote viwili ni vya kweli, ila vinapima mambo mawili. Sisi twaona heri kusema "uandikishaji wa rika" kwa kile kinachohesabu wenye umri wa shule, na "uandikishaji wa umri wowote" kwa kingine. Neno rika halihitaji kuelezwa huko Rungwe. Mwanazuoni Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake Good Company mwaka 1951, alieleza kwa kirefu vijiji vya rika, ambavyo wavulana wa umri wa miaka 10 hivi walijijengea mbali kidogo na nyumba za baba zao. Istilahi inayokuta mlango uko wazi haina sababu ya kuzunguka dirishani.

2. Elimu ya msingi, elimumsingi, na neno "bure"

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilileta neno elimumsingi, likiandikwa kama neno moja, kwa maana ya elimu inayovuka shule ya msingi na kuingia sekondari hadi kidato cha nne. "Elimu ya msingi", kwa maneno matatu, ikabaki kuwa elimu ya shule ya msingi. Kwa mwandishi wa sera tofauti hii ni wazi. Kwa msikilizaji wa mkutano wa kijiji tofauti hii ni silabi moja, nayo hupotea mara spika inapokwaruza. Hata katika maandishi, mpiga chapa mmoja akiongeza neno "ya", watoto wa kidato cha pili wameondolewa katika ahadi.

Hatusemi neno elimumsingi lifutwe. Limekwisha kuingia katika nyaraka, na istilahi iliyoingia kazini haing'olewi kwa kalamu ya mhakiki. Twasema kwamba kila waraka uendao kwa wananchi utaje madarasa yenyewe. Ni muhimu zaidi hivi sasa, kwa kuwa sera hiyo, katika toleo lake la mwaka 2023 lililozinduliwa mwaka 2025, inaweka elimu ya lazima ya miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa muda wa miaka mingi mwananchi amezoea kwamba "lazima" huishia darasa la saba. Asipoambiwa kwa hesabu ya madarasa kwamba lazima hiyo sasa yafika kidato cha nne, ataendelea kuamini kwamba binti yake aliyemaliza shule ya msingi amekwisha kutimiziwa haki yake.

Hali kadhalika neno "bure". Tangu Januari 2016 serikali ilipoondoa ada hadi kidato cha nne, maneno "elimu bure", "elimu bila ada" na "elimu bila malipo" yamekuwa yakitumika kama kwamba ni kitu kimoja. Ada ni malipo yaliyowekwa na serikali. Michango ni malipo mengine, na sare, madaftari na kalamu ni gharama za nyumbani. Mzazi aliyeambiwa "bure" kisha akajikuta ananunua sare huona kwamba amedanganywa, na mwalimu mkuu ndiye hubeba lawama. "Elimu bila ada" ni maneno machache kuliko maelezo yatakayohitajika baadaye. Wafasiri wa nyaraka za Afrika Mashariki wakumbuke pia kwamba kile tukiitacho ada, wenzetu wa Kenya hukiita karo.

3. Usawa, ulingano na jinsia

Hapa ndipo tunapoona kosa lililo kubwa kuliko yote. Shabaha iliyo chini ya lengo la tatu la Milenia ilitaka tofauti baina ya wavulana na wasichana iondolewe katika shule za msingi na sekondari, ikiwezekana kufikia mwaka 2005, na katika ngazi zote za elimu kufikia mwaka 2015. Tofauti iliyokusudiwa hapo ni ya idadi, na kipimo chake ni idadi ya wasichana kwa kila idadi fulani ya wavulana. Lengo lenyewe, kwa upande mwingine, lilitaja jambo lililo pana zaidi: kwamba mwanamke na mwanamume wawe na haki, nafasi na uzito ulio sawa. Katika Kiswahili mambo haya mawili yamepewa neno moja, nalo ni usawa.

Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Katika shule za msingi za Tanzania idadi ya wasichana imekuwa ikikaribiana na ya wavulana tangu miaka ya 1980. Kwa neno letu la sasa twaweza kutangaza kwamba usawa ulikwisha kupatikana zaidi ya miaka 40 iliyopita, na mtu asiweze kutupinga, maana hesabu zipo. Lakini mwalimu wa Kiwira aliye na wasichana 30 na wavulana 30 darasani anajua kwamba waliotoka nyumbani saa kumi na mbili baada ya kuchota maji na kufagia uwanja si 60. Anajua ni nani huombewa ruhusa mama akijifungua au mdogo akiugua. Daftari lake linaonyesha ulingano. Usawa ni swali jingine, ambalo daftari hilo halikuundwa kulijibu.

Kwa hiyo twapendekeza ulingano wa idadi kwa dhana ya kwanza, na usawa ubakizwe kwa dhana ya pili peke yake. Yuko atakayesema kwamba "uwiano" umekwisha kuzoeleka. Lakini uwiano ni uhusiano wowote baina ya idadi mbili. Wasichana 10 kwa wavulana 40 nao ni uwiano. Ulingano hutaja hali ya kuwa sawasawa kwa hesabu, na ndiyo inayotakiwa.

Neno "jinsia" nalo lina mzigo wake. Waelimishaji wengi nchini hutofautisha jinsi, yaani maumbile ya kike au ya kiume aliyozaliwa nayo mtu, na jinsia, yaani kazi, heshima na matarajio ambayo jamii huyagawa kwa misingi ya maumbile hayo. Tofauti hiyo ni nzuri, lakini haijashika. Fomu nyingi bado huandika "Jinsia: Me/Ke" pale zinapouliza maumbile. Isitoshe, neno jinsi linatumika kila siku kwa maana ya namna au njia, na msikilizaji huitafuta maana hiyo kwanza. Zaidi ya hayo, mitaani "mambo ya jinsia" yamekuwa na maana ya mambo ya wanawake, hata mwanamume akialikwa semina ya jinsia huuliza kama barua imekosea anwani.

Si kweli kwamba dhana hii ni ngeni kwa watu wetu, na kwamba ndiyo sababu neno halishiki. Katika Kinyakyusa, kama katika Kiswahili, ngeli za majina hazigawanywi kwa uke na uume. Umwana wa Kinyakyusa, kama mtoto wa Kiswahili, ni wa kike au wa kiume pia. Ugawaji umo katika kazi, na wazee wa Rungwe wameuona ukibadilika: uchungaji wa ng'ombe uliokuwa kazi ya wavulana wa vijiji vya rika haukubaki vile ulivyokuwa baada ya shule kuingia. Walioshuhudia mgawanyo wa kazi ukibadilika wanajua tayari kwamba ulifanywa na watu. Kinachotakiwa ni mfasiri aanze na maneno hayo, "kazi na nafasi tunazowagawia wasichana na wavulana", ndipo alete neno jinsia kama jina fupi la jambo lililokwisha kueleweka. Istilahi hufuata maelezo; haiwezi kuyatangulia.

4. Utoro na mdondoko

Tumekwisha kusema juu ya wanaoingia shule. Tuwatazame wanaotoka. Katika takwimu za elimu za nchi yetu, sababu ya kuacha shule inayotajwa kwa wingi kuliko zote ni utoro. Tunaomba msomaji aisome sentensi hiyo mara ya pili. Mtoto ameacha shule, kwa nini? Kwa sababu hakuhudhuria. Hili si jibu. Ni swali lililorudishwa kwa muuliza likiwa limevaa vazi jingine. Utoro ni jina la tukio lile lile tulilotaka kujua sababu yake, na kwa kuwa limekubaliwa kuwa sababu, sababu zenyewe hazitafutwi tena.

Kadhalika neno hili lina historia. Katika pwani yetu ya karne ya 19 watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao. Hadi leo mtoro ni mtu aliyetoroka mahali alipopaswa kuwapo, na hatia imo ndani ya jina lake. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 iliyofanya uandikishaji na mahudhurio kuwa ya lazima huweza kumfikisha mzazi mahakamani kwa sababu ya mtoto asiyehudhuria. Mwandishi wa daftari anayeandika "mtoro" anaandika hukumu, wala hakusikiliza kesi.

Tuchukue mfano wa Kiwira siku ya soko. Msichana wa darasa la tano haonekani shuleni. Huenda anabeba ndizi za mama yake hadi barabarani ziwahi gari la mnunuzi. Huenda amebaki na mgonjwa. Huenda yuko hedhini na shule haina maji chooni. Huenda kweli ametoroka, anacheza mtoni. Hali hizi nne zahitaji hatua nne zilizo mbalimbali, na ni moja tu inayostahili jina la utoro. Daftari lenye safu moja litazifanya zote kuwa moja, na hatua itakayochukuliwa itakuwa moja: mgambo.

Neno mdondoko limekuja kama jina la kitaalamu la hali hii, nalo limekwepa lawama ya utoro. Lakini limeingia katika shimo jingine. Kinachodondoka hudondoka chenyewe. Mkulima wa maparachichi wa Rungwe anajua kwamba tunda huanguka kwa kuiva, kwa upepo, kwa ugonjwa, au kwa kutikiswa na mtu, na akiona matunda mabichi chini ya mti hauliza mangapi, huuliza nani au nini. Mdondoko huhesabu matunda. Kwa jumla ya wilaya au taifa neno hilo lafaa. Kwa mtoto mmoja mwenye jina halifai hata kidogo.

5. Mimba na maadili

Tufikie sasa mahali ambapo neno moja liliweza kumfungia mtoto mlango. Kanuni za kufukuza na kusimamisha wanafunzi za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, au kwa kuingia katika ndoa. Mimba haikutajwa kwa jina. Lakini neno maadili ni pana, na katika upana huo mimba ikaingizwa. Wasichana wengi waliondolewa shuleni kwa nguvu ya fasiri ya neno hilo. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka kwamba msichana aliyepata mimba hatarudi katika shule za serikali. Mwezi Novemba 2021 serikali ilibadili msimamo huo, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwamo, warejee shuleni.

Waraka umebadilika, lugha ya daftari haijabadilika sawasawa nao. Bado tunaandika "ameacha shule kwa kupata mimba". Katika sentensi hiyo mtendaji ni msichana mara mbili: ndiye aliyeacha, ndiye aliyepata. Mwanamume hamo. Ajabu ni kwamba sheria yenyewe inamtaja. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalifanya kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, kuwa kosa, na adhabu yake kifungo cha miaka 30. Sheria ina mtendaji na ina kosa. Daftari lina tumbo tu. Polisi atakayetumia daftari hilo kama mwanzo wa uchunguzi ataanza na msichana, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeandikwa.

Kiswahili kina kauli ya kutendwa, nayo ni mojawapo ya utajiri wake. Kati ya "amekatisha masomo" na "amekatishwa masomo" kuna herufi moja, w, na herufi hiyo hubeba swali: amekatishwa na nani? Kadhalika kupata mimba na kupewa mimba. Tunajua kipingamizi kilichopo. Wako wasichana walioacha shule kwa hiari yao, na kauli ya kutendwa ikitumika kila mahali itawafanya wasichana wote kuwa watu wasio na akili wala uamuzi. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hatupendekezi neno moja badala ya jingine kwa wote. Twapendekeza kwamba mwandishi wa daftari alazimike kuchagua: ameacha, au ameachishwa. Kuchagua kutamlazimu kuuliza, na huko kuuliza ndiko tunakokutaka.

Yafaa tuguse kidogo neno "kuwawezesha". Mahali pengi kuwezeshwa kumekuwa na maana ya kupewa mkopo, na mwezeshaji ni mtu anayeendesha semina. Lengo la tatu lilikusudia mamlaka: mwanamke awe na kauli juu ya maisha yake na mambo ya jamii yake. Mfasiri akiona kwamba sentensi yake inahusu mamlaka, aseme mamlaka.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunaweka mbele ya wasomaji mapendekezo yafuatayo:

(i) Lengo litumike kwa kusudio kuu, na shabaha kwa kipimo chenye mwaka na idadi. Yasichanganywe.

(ii) Kuandikishwa, kuhudhuria, kumaliza, kuhitimu na kufaulu vitumike kila kimoja kwa maana yake. "Kupata elimu" kusitumike katika taarifa za takwimu.

(iii) Uandikishaji wa rika na uandikishaji wa umri wowote, badala ya kuita kimoja "halisi".

(iv) Elimumsingi ifuatwe daima na kutajwa kwa madarasa yanayohusika, katika nyaraka ziendazo kwa wananchi.

(v) Elimu bila ada, ikiwa kilichoondolewa ni ada.

(vi) Ulingano wa idadi kwa hesabu ya wavulana na wasichana. Usawa kwa haki na nafasi.

(vii) Jinsi katika fomu zinazouliza maumbile. Jinsia kwa kazi na nafasi zinazogawiwa na jamii, baada ya kuelezwa.

(viii) Kutohudhuria liwe jina la hali. Utoro uwe sababu mojawapo miongoni mwa nyingine, kama vile kazi za nyumbani, biashara, ugonjwa, umbali, mimba, ndoa na kuhama.

(ix) Ameacha na ameachishwa ziwe safu mbili, na katika safu ya pili itajwe sababu au mtu.

Hitimisho

Tunatambua mipaka ya kazi yetu. Istilahi nzuri haitajenga choo, wala haitampunguzia msichana wa Kiwira ndoo anayobeba alfajiri. Madawati, walimu na maji hayaletwi na kamusi. Lakini afisa wa wilaya hupanga kwa kutumia taarifa alizoandikiwa, na taarifa hizo ni maneno kabla ya kuwa tarakimu. Mahali palipoandikwa "usawa umefikiwa" hapapelekwi fedha. Mahali palipoandikwa "mtoro" hupelekwa mgambo. Mahali palipoandikwa "ameachishwa" mtu hana budi kuuliza na nani.

Muda wa Malengo ya Maendeleo Endelevu unakwisha mwaka 2030, na bila shaka yataandikwa mengine baada yake. Ingefaa wakati huo wafasiri waitwe mapema, na tafsiri isomwe kwanza mahali kama Kiwira, mbele ya mwalimu, mzazi na mwanafunzi, kabla haijapigwa chapa. Pale watakapouliza "mna maana gani hapa?", hapo ndipo penye kazi.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu wanaotunza madaftari ya mahudhurio na maafisa wanaoandika taarifa za kata na wilaya, watuletee maoni juu ya mapendekezo haya, pamoja na maneno wanayoyatumia wenyewe kazini. Yawezekana kabisa kwamba katika daftari la mwalimu fulani limo tayari neno lililo bora kuliko haya yetu.